Mgongo Wangu kwa Wakandaji wa Karatu

Qurus, Karatu

Kwa mdogo wangu Eva,

Habari za huko Baray? Vitunguu vimekubali? Sisi Qurus wazima, mahindi yanakauka, shemeji yako anakoroma vilevile. Roho yangu iko kwenye bega lako. Mwanao Fabian kaniambia bado unakula kwa mkono wa kushoto, na tangu yule mzee mkandaji wa mnadani akuvute mkono ukazimia, umeapa hakuna mtu atakugusa tena. Lakini daktari si alisema mfupa mzima, misuli ndiyo imekaza, ikandwe taratibu isije ikaganda moja kwa moja?

Basi sikia ya kwangu. Juzijuzi mgongo ulinitembeza kwa wakandaji. Nilianza kwa Hilary, yule anayewafanyia masaji wazungu wakitoka kuona wanyama kreta ya Ngorongoro. Mdogo wangu, chumba kinanukia kama bibi harusi! Taulo za moto, kamuziki kanalia polepole, nikasinzia. Mpole, sina baya naye, ila lazima uvue nguo mbele ya kijana wa watu, na wewe nakujua.

Nikaenda kwa Mama Piusi. Yule ni trekta! Alinipandia na goti, nikamwita marehemu mama. Nikilalamika anasema maumivu ndiyo dawa. Vijana wabeba magunia wanamsifu, wanatoka kwake wamenyooka. Wewe ungetokea dirishani.

Mwisho nikafika kwa Nailantei, mama wa Kimasai aliyehamia hapa kutoka Ngorongoro. Akapasha mafuta ya kondoo, halafu akaniuliza wapi sitaki kuguswa. Tangu nizaliwe sijaulizwa hivyo, hata na shemeji yako! Akasema nikisema basi, mkono unatoka. Nikamjaribu, nikasema basi hata bila sababu. Akatoa mkono, akanywa chai yake, wala hakununa.

Aliporudi mgongoni akacheka. Akasema mgongo huu mzima kama wa ndama, mgonjwa mwenyewe yuko wapi? Mimi huyu wa maneno nikamweleza yote ya bega lako. Ni kweli, Eva, siumwi popote. Nilikuwa nawaonja kwa mwili wangu, nijue yupi hatakuumiza.

Jumamosi nakuja naye. Kasema siku ya kwanza atakaa tu mzoeane. Kama hutaki, funga mlango, nitamrudisha na wala sitakulaumu. Lakini mdogo wangu, usiufunge.

Wasalimie wote hapo, na shemeji yako anakusalimu katikati ya usingizi.

Ni mimi dada yako mwenye mdomo,
Cresensia