Birika Mkononi mwa Rukia

Kaka Hamadi,

Salamu zangu kwako na kwa wifi. Hapa Guangzhou, Uchina, mvua haikatiki, na bwana anayetuuzia vifaa vya shule huko mtaa wa Yide Lu ametualika chai. Kwa desturi yao, aliye mdogo kuliko wote ndiye humimina, na anayemiminiwa hugonga meza kwa vidole viwili kushukuru. Mdogo alikuwa binti yako Rukia, ambaye ulimkataza kushika birika mbele ya wageni.

“Shangazi, mimina wewe! Mimi nitawaunguza hawa.”

“Panga kwanza kichwani, kisha inua.”

Alikitazama kikombe, akaanza. Mwenyeji alipogonga meza, macho ya Rukia yalihama na mkono ukayumba. Akausimamisha, akarudisha macho, akamimina hadi mwisho. Halikumwagika hata tone.

Nimekueleza miaka yote kwamba kumwaga kwake si uzembe: umakini wake ukihama, mkono huondoka kabla mpango haujakamilika. Leo aliungoja mpango. Kikombe changu kilipojaa, niligonga meza kwa fahari ambayo sijawahi kuipata darasani katika ualimu wangu wote.

Tukirudi, kaka, usilikimbilie birika. Sogeza kikombe chako.

Dada yako akupendaye,
Mwanaidi