Mchanga Tuliochezea Mpira

Na lile swali lako, Shangazi Jalila, kwa nini rubani wangu Hashim hakufungua ule mwavuli unaoshusha ndege nzima: injini ilimzimikia karibu na ufuo wa Shelly, na upepo ungemtupa baharini. Basi akatua mchangani, mzima, mume wangu, raha yangu!

"Nilijua mchanga wa pale mgumu, Mwanatatu. Si ndipo tulipocheza mpira bahari ikipwa?"

Unakumbuka, shangazi, kabla hujahamia Lamu? Ukituita tukale mihogo, naye akijifanya hanioni!

Alinieleza akicheka, lakini aliposhika kikombe, chai ilimwagika yote. Nami sijamwambia nilivyolia.

Tutakuja kwako kabla mwezi haujaisha, inshallah. Kwa basi, amechagua mwenyewe.

Wako, bi harusi mpya,
Mwanatatu, Likoni