Siku Ishirini na Moja za Kuukagua Mgongo wa Somoe

Newala, Jumapili. Saa tatu asubuhi na ukungu bado haujapanda.

Vipi, mchunguliaji wangu wa shajara! Kaa vizuri, leo nina la kusema mpaka vidole vinagongana.

Somoe hana hata kipele kimoja.

Nimemkagua mwenyewe, mgongo, kwapa, nyuma ya masikio, hadi akanifokea, "Mjomba, unanitekenya bwana!" Leo ni siku ya ishirini na mbili.

Somoe ni mtoto wa dada yangu. Ana miaka saba na ana saratani ya damu. Anatibiwa Dar, alikuwa amerudi kupumzika kabla ya dozi nyingine. Dawa zenyewe zinapiga saratani, lakini zinaangusha na kinga ya mwili. Sasa hapa kwetu mgonjwa akirudi, mtaa mzima unakuja kumwona, na mimi niliwakaribisha wote, wakubwa kwa watoto. Nilijiona mwema kweli. Sijali, mtoto wa jirani, alicheza naye mkekani mchana kutwa.

Kesho yake Mama Sijali akaja, ila hakuingia. Alisimama ng'ambo ya barabara akapaza sauti: "Mama Somoe! Sijali kaamka na tetekuwanga! Na jana alikuwa na mwenzie!"

Mimi nikacheka.

Kweli, nilicheka. Tetekuwanga? Sote tumeugua, tukaogeshwa mwarobaini, ikaisha. Bibi yetu, mkubwa wa nyumba, naye akasema, "Mwacheni aipate angali mdogo, kama wenzake."

Dada hakucheka. Alileta daftari la hospitali. Limeandikwa: akikaa na mwenye tetekuwanga aletwe siku hiyo hiyo, asisubiriwe upele. Kwa mtoto asiye na kinga inaweza kuingia kwenye mapafu, ikamuua. Nikashika simu, nikasoma kama kichaa. Kumbe inaambukiza hata siku mbili kabla upele haujaonekana! Yaani Sijali alikuwa pale na ngozi safi kabisa. Watoto wawili wanacheka, na katikati yao kuna kitu kinapita hewani, hakuna jicho linalokiona. Aisee, nilistaajabu na kuogopa kwa pamoja.

Bibi hakutaka mtoto asiye na dalili asafirishwe. Na kwetu neno la mwisho juu ya mtoto ni la mjomba. Kaka zangu wako Tandahimba kwenye korosho. Mjomba aliyebaki ni mimi, fundi simu wa kujifundisha mwenyewe, hata ndevu sina.

Dada akaniangalia tu.

Nikasema, "Bibi, naomba unisamehe. Anaondoka sasa hivi." Bibi huyu alinichapa fimbo mpaka juzi juzi. Akaingia ndani, akatoka na kanga ya kumfunika mtoto. "Haya. Mjomba kasema."

Tulipofika hospitali ya Masasi, daktari alipiga simu Dar, wakashauriana, akatupa vidonge na ratiba: aanze siku ya saba tangu wakutane, na tumkague hadi siku ya ishirini na moja. Homa kidogo au kipele kimoja, turudi mbio. Sijamaliza kushangaa. Kuna watu wanajua kirusi kitaamka lini ndani ya mwili, wakatangulia kukisubiri mlangoni!

Tuliporudi nyumbani, siku zote hizo Mama Sijali alilinda njia yetu, akiwarudisha watoto wa mtaa. "We Hamisi, geuza! Huku hakuchezwi!" Wakati huo huo mtaa ulimsema: huyo ndiye kamletea mtoto wa watu maradhi. Yeye akaendelea kulinda njia.

Leo tumemwita ndani. Aligoma mlangoni hadi Somoe alipomvuta mkono, "Mama Sijali, ingia, sina vipele!" Akakaa, akalia. Na mimi nikaelewa jambo ambalo sikuliona siku zote nilipokuwa nawashangaa madaktari. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Tungesubiri upele, na dawa ingechelewa. Alijua lawama zote zitamwangukia, akaja kusema asubuhi ile ile, hata mtoto wake hajamwogesha.

Mimi nina wasiwasi na nafsi yangu. Nadhani ningejifungia ndani na mwanangu nikaomba Mungu.

Na wewe, mchunguliaji? Tuseme mtoto wako kaamka na vipele, na hakuna anayejua ila wewe. Ungefanyaje?