Namba Tisa Anajulikana

Mpendwa Bi Mshauri, naomba msaada, lakini kabla hujafika mstari wa pili nakusihi barua hii usimsomee mtu, wala usiiache mezani, na kama ni lazima unijibu gazetini basi geuza kila kitu nisitambulikane. Nimeiandika kwa mkono kwa sababu mashine ya ofisini herufi yake moja imevunjika na anayeijua ataijua.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, nakaa Likoni, nimesoma hadi kidato cha sita na nikafanya kozi ya ukarani, na mwaka huu nilibahatika kuajiriwa na mtafiti wa chuo kikuu, Daktari Wairimu, anayechunguza maisha ya wanawake wa viwandani, na kazi yangu ilikuwa kukaa naye katika kiwanda kimoja cha magunia huko Changamwe, kuandika majibu ya akina mama, kisha kuyapiga chapa. Wengi wao waliogopa kusema, ndipo Daktari akaamua majina yasiandikwe, ziandikwe namba tu, nami kwa kujiona hodari nikasema tuwape namba kwa jinsi wanavyoingia, wa kwanza moja, wa pili mbili, ili karatasi zisichanganyike, naye akasema vyema.

Lakini Bi Mshauri, aliyekuwa akiwaita ni nyapara wao, Bwana Boga. Alisimama mlangoni na kijidaftari chake, "Haya, Mwanarehema, ingia! Wewe Waridi, acha porojo, wafuata!" na kila aliyeingia alimwandika jina kwa mfuatano huohuo. Nilimwona kwa macho yangu na sikufikiri lolote.

Namba tisa alikuwa mama mmoja aitwaye Pascalia, mjane, Mtaita peke yake kati ya washonaji. Alikaa muda mrefu akiisokota ncha ya leso yake. Daktari alikuwa ametoka kunywa maji, nami nikambembeleza, "Sema tu mama, hapa wewe ni namba, hata aliyekuzaa hatajua ni wewe." Akaniuliza, "Waapa, mwanangu?" Nikaapa. Ndipo aliposema kwamba Bwana Boga huwaita wanawake stoo ya nyuzi na kuwataka, na anayekataa hapangiwi kazi wiki hiyo, na yeye amekataa mara mbili na sasa amewekwa kwenye vumbi la katani, na kifua chamuuma.

Sasa Daktari amerudi Nairobi, ameniachia ripoti niipige chapa, na nakala moja apewe meneja wa kiwanda katikati ya mwezi ujao, maana ndivyo alivyoahidi alipoomba ruhusa ya kuingia. Maneno ya Pascalia yamo ukurasa wa kumi na nne, neno kwa neno, na mbele yake pameandikwa "Namba 9, mjane, Mtaita". Juzi nilikwenda kiwandani kuchukua fomu zilizosalia, Bwana Boga akanisimamisha getini akicheka.

"Karani, namba tisa alikawia sana mle ndani. Alikuwa akikupikia mahamri?"

"Sijui, bwana."

"Hujui na kalamu ulishika wewe? Si neno. Kitabu kikija tutasoma sote."

Nikimwambia Daktari ataona kwamba mpango mbovu ulikuwa wangu na kibarua changu kitakwisha, na nikinyamaza yule mama atafukuzwa, au atafanywa jambo baya kuliko kufukuzwa. Nimefikiri nibadilishe namba kimyakimya, tisa iwe ishirini na moja, nisimwambie mtu, mambo yapite. Je, nifanye hivyo?

Ukiwa na swali usipige simu ofisini na usitumie sanduku lao la posta. Bahasha ipelekwe Likoni, duka la mafuta ya taa nyuma ya soko, kwa jina la mamangu mdogo, Mwanasaumu, na mwenye kuileta aseme ni vipimo vya nguo, asiseme neno jingine.

Ni mimi mwenye hofu.

*

Binti yangu mwenye hofu,

Pole, na kwanza tua moyo. Pascalia si jina lake, tisa si namba yake, hakushona magunia, na duka hilo la mafuta ya taa halipo. Nimegeuza yote, kwa kuwa wewe uliniandikia jina lake kamili na mlango wa nyumba yake, mimi usiyenijua! Ukamwomba mgeni akufichie siri yako huku ukimkabidhi ya mwenzio. Hapo ndipo penye ugonjwa wako: wajichunga wewe sana, wamchunga yeye kidogo.

Hiyo ishirini na moja ni nani? Hukuniambia, na nadhani hukujiuliza. Naye ni mama wa watu, pengine hakusema lolote siku ile, na nyapara akifungua kijidaftari chake ataliona jina lake. Utamtoa mmoja majini umtose mwingine. Hata ukiifuta namba, "mjane, Mtaita" umeyaacha, na umesema mwenyewe yuko peke yake. Usiguse ripoti kwa siri.

Kesho asubuhi nenda posta upige simu Nairobi. Mwambie Daktari yote: kijidaftari, namba, kiapo, maneno ya getini. Nakala isitoke mpaka namba zote ziondolewe, na kabila na ujane pia, na habari za stoo zisielezwe kwa namna ya kumwonyesha mtu mmoja. Kama bado atajulikana, ukurasa huo usifike kiwandani kabisa, ahadi kwa meneja ivunjike. Daktari akikufuta, utakuwa umefutwa kwa kusema kweli, na kazi ya mashine utaipata kwingine. Lakini naye ana lawama yake: mwenye shahada ndiye aliyemruhusu nyapara kusimama mlangoni.

Fomu za mkono zisilale ofisini. Daktari akuambie zipelekwe wapi. Bwana Boga akikuuliza tena, usiseme "sijui", maana wewe hujui kusema uongo na yeye ameshaona. Sema, "Siruhusiwi, bwana," upite.

Kisha Pascalia. Yeye ndiye mwenye maneno, na hajui kwamba yako hatarini. Huenda akataka yafutwe yote. Huenda akataka kuyapeleka mwenyewe kwa chama cha wafanyakazi, na wenzake wakiwa nyuma yake. Lolote achague yeye, usimbembeleze tena. Ulimbembeleza mara moja, yatosha. Na hicho kifua aende kikapimwe, umsindikize.

Usimwendee kiwandani. Nenda kwake Jumapili baada ya kanisa, uchukue kilo ya sukari kama mgeni yeyote, majirani wasipate la kuuliza. Msalimie, ungoje chai. Mkibaki wawili, mwambie kiapo chako kimevunjika na ni wewe uliyekivunja, kabla hajaambiwa na Boga.