Ngazi ya Mgodi wa Baba Yenu

Masara,
S.L.P. 9, Suna.
20 Agosti 1967

Mpendwa shemeji Mniko,

Pokea salamu zetu huko Kampala. Goti lako linaendeleaje? Sisi tu wazima, watoto wanakula, mtama umebeba vizuri. Salamu zinaishia hapo, maana nina hasira nawe.

Barua uliyomwandikia mdogo wako Gisiri nimeisoma. Ati mgodi ni urithi wa baba yenu, mwanamume hauachi! Wewe uko ofisini unakunywa chai. Gisiri ndiye anayeshuka.

Shemeji, dhahabu imekwisha. Tangu Krismasi anapandisha mawe matupu. Iliyobaki imo ndani ya zile nguzo za mawe ambazo baba yenu aliziacha zishike paa la mgodi. Na unajua Gisiri anafanya nini sasa? Anazichonga! Mbili ameshazimaliza. Juzi mawe yalimwangukia begani, akaoga, akala ugali, akasema ni vumbi tu. Vumbi gani hilo? Bega lenyewe haliinuki.

Wala si kwamba hatuna kazi nyingine. Mimi na Mokeira, mke wa Machuki mhunzi, tunaokota vyuma vilivyotupwa kwenye migodi iliyofungwa: vipande vya reli, magurudumu ya vigari, mapipa. Machuki anavifua majembe na mashoka, sisi tunauza sokoni Migori. Sare anayovaa Bhoke wetu shuleni imetoka huko. Gisiri anacheka, ati mkewe anaokota takataka. Na hiyo takataka ndiyo inayomlisha!

Sasa sikia nililofanya, ulisikie kwangu kwanza. Jumanne alipokwenda matangani, mimi na Mokeira tuliifungua ile ngazi ya chuma ya baba yenu, ya kushukia mgodini, tukampelekea Machuki. Imetoa majembe saba.

Lakini Gisiri hajaacha. Anakaa uani anasuka kamba ya katani ashukie. Kwa urefu wa shimo lile, itamchukua wiki mbili. Mimi hanisikii, mchungaji hamsikii. Wewe ndiye mkubwa wake, na wewe ndiye uliyemtia moyo. Mwandikie aache. Andika leo!

Nisalimie mkeo Nyanchoka na jirani yenu mzee Monari. Mungu awafunike nyote.

Majembe sita tumeuza. La saba nimekuwekea wewe. Ukinyamaza, utakuja kumchimbia ndugu yako kaburi nalo, na sitaruhusu mtu mwingine akusaidie.

Mimi shemeji yako, ambaye bado anakupenda,
Rispa