Nimtaliki Mke Wangu Mbunge ili Nimwongezee Mshahara?

Mpendwa Dada Ephrasia, naomba msaada wako haraka kwa sababu fomu za talaka ninazo mezani na kalamu ninayo, na nikichelewa nafasi itachukuliwa na mtu asiye na uchungu na familia yangu. Mimi ni Mkenya, naishi huku ughaibuni, mji wa Champlin, na mke wangu Serah, ambaye ni nesi, alichaguliwa Novemba kuwa mbunge katika bunge la jimbo, na wewe unajua kwetu mbunge ni nani, ni magari, ni walinzi, ni posho hata ya kukalia kiti, kwa hiyo asubuhi baada ya matokeo nikaenda kwenye nyumba ya wazee nilikofanya kazi miaka tisa, nikawakatia keki, nikamwambia meneja kwamba mume wa mheshimiwa haogeshi wazee wa watu, na sasa naona haya kurudi.

Nikanunua suti tatu, nikaahidi kwaya ya kanisa letu basi dogo, nikamwomba rafiki yangu Ildephonse, Mkongomani anayefanya kazi kwenye ghala kule Shakopee, awe mlinzi wangu siku zake za mapumziko, na kweli ananifuata dukani nikinunua unga huku akisema, "Pardon, pardon, mume wa mheshimiwa anapita," na watu wanapisha. Shida ikaja mshahara wa kwanza ulipoingia. Dada, nilidhani ni advansi. Nikamuuliza, "Na hiyo ingine inakuja lini?" Serah akacheka mpaka akakaa chini, akasema, "Wanjala, hiyo ndiyo yote, na Saturday niko na shift hospitali." Nikamwambia basi jiongezeni, si nyinyi ndio bunge, akanieleza kwamba hapa wapiga kura walishawanyang'anya wabunge ruhusa hiyo, mshahara wao unapangwa na baraza la raia wa kawaida, nusu chama hiki, nusu chama kile.

Raia wa kawaida! Nani wa kawaida kunishinda mimi ambaye sina hata kazi? Nikaomba kiti barazani, nikajibiwa kwamba mume au mke wa mbunge haruhusiwi. Ndipo wazo likanijia, tuachane kwa karatasi tu, miezi sita, niingie barazani nikiwa kapera, nipige kura aongezewe, halafu tufunge ndoa tena na kanisa lituchangie. Inaniuma kumwona akirudi kutoka bungeni kule Saint Paul na kulala mezani kabla chai haijapoa. Je, talaka ya namna hii ni dhambi?

Wako, Mume wa Mheshimiwa, Champlin.

JIBU

Mume wa Mheshimiwa, pole sana, na acha ujinga.

Nianze na pale ulipo na haki. Mkeo anafanya kazi kubwa kwa malipo madogo, na hilo si jambo la kuchekea. Kazi ya kutunga sheria ikilipa kiduchu, inabaki kwa wenye mali na wastaafu, na manesi kama Serah wanachoka na kuondoka. Kwa hiyo kudai alipwe vizuri si tamaa.

Lakini umewahi kujiuliza kwa nini mume wa mbunge anazuiwa kukaa kwenye lile baraza? Ni kwa sababu yako, kaka yangu. Walioandika masharti yale hawakukujua kwa jina, ila walikuona unakuja. Wewe mwenyewe ulipokuwa kwenu, nina hakika, ulipiga kelele kila wabunge walipojiongezea, leo unataka mkeo aongezewe kupitia chumbani kwako. Na tuseme umepenya. Baraza lina watu kumi na sita na kura yako ni moja. Tena utamdanganya nani kwamba wewe ni kapera, wakati Ildephonse ameshakutangaza katikati ya magunia ya unga?

Sikiliza. Lile baraza linapokea maoni ya wananchi. Andika, weka jina lako kamili, sema wazi kwamba mbunge huyo ni mkeo, kisha eleza tu unachokiona nyumbani: anatunga sheria wiki nzima na wikiendi anashika zamu hospitali ili aendelee kutunga. Hapo utasikilizwa, maana hujaficha kitu. Wakikataa, ndiyo uamuzi wao, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Jumatatu rudi kwenye nyumba ya wazee uombe kazi. Aibu utaizoea, na kumwogesha mzee wa mtu ni heshima zaidi kuliko kumvalisha suti mtu asiye na kazi. Kwaya ya kanisa iambie lile basi dogo halipo. Ildephonse mwache alale siku zake za mapumziko, mtu huyo anabeba maboksi wiki nzima.

Na fomu zile, kabla hujazichana, nikuambie kitu. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipomuuliza Serah anaonaje kuhusu talaka hii. Sijapaona. Usithubutu kumuuliza, ndugu yangu. Wewe umepanga talaka ya miezi sita na harusi juu yake. Yeye, kwa alivyochoka, anaweza kukubali ile talaka tu.