Bibi Anaitikia Kiingereza

(Nimeichapa kama nilivyoiandika kwenye kaunta buku la mwaka ule. Sijafuta kitu, hata pale nilipojisifu.)

Kanoni, Jumamosi, Agosti 1989

Asubuhi ukungu ulikalia vilima hadi saa tatu, halafu jua la kiangazi likatoka kwa hasira. Mwaka huu kahawa imezaa kweli. Mikeka imejaa uani mpaka ukitaka kwenda jikoni unapita ubavuubavu.

Nina furaha, jamani! Nina furaha hadi mwandiko unanikimbia.

Ngoja nianze mwanzo, nisije nikajichanganya.

Nina sapu. Hapa nyumbani neno hilo hawalijui, lakini chuoni hata wapishi wanalijua. Maana yake umeanguka, unarudia, na ukianguka tena unafungasha virago. Mtihani wenyewe ni ule mkubwa wa Kiingereza kwa sisi tunaosomea shahada ya lugha. Sehemu ya kuandika nilipita vizuri tu. Iliyoniangusha ni ya kuzungumza. Unaingia chumbani, unachota karatasi moja kwenye boksi, unapewa dakika mbili za kufikiri, halafu unazungumza dakika kumi na tano mbele ya walimu watatu, bila kusoma popote. Wao hawasemi neno, hawatikisi hata kichwa. Ndiyo kanuni, wasije wakambeba mmoja na kumvunja moyo mwingine. Mimi mwezi wa sita nilizungumza dakika tatu, nikakauka. Nikabaki nimesimama nawatazama, na wao wananitazama, mpaka mmoja akafunga faili.

Narudia mwezi ujao, Jumatatu ya pili, saa nne asubuhi. Nikishindwa, ualimu wa Kiingereza ninaoutamani tangu darasa la tano ndiyo basi tena. Nitapanda treni, nitapanda meli, nitapanda basi, nirudi Kanoni kuanika kahawa.

Na niungame hapa, kwa kuwa daftari halina mdomo. Nyumbani niliwaambia niliangushwa na malaria. Mama akaenda kuwaambia wenzake wa kwaya kanisani, wakaniombea wote, wengine hadi na machozi. Malaria gani? Asubuhi ile nilikuwa mzima kabisa na nilikula maandazi manne.

Aibu tupu.

Basi wiki tatu hizi nimekuwa nikifanya mazoezi kibanjani, ndani kabisa ya migomba, ili nisionekane. Nina kopo langu la majani ya chai lililojaa vikaratasi vya mada. Nachota kimoja, nasimama mbele ya mgomba, naanza. Kila siku ni yale yale. Dakika ya tatu, ya nne nikijitahidi sana, maneno yanaisha. Si kwamba siyajui! Nikikaa na kalamu nayaandika kurasa sita. Lakini nikisimama kuyasema, kitu kinanikaba hapa kifuani, nasubiri sijui nini, halafu kimya.

Juzi jirani yetu mmoja akamjia Mama, kwa sauti ya chini kabisa, kumwambia kwamba yule binti yenu wa chuo anagombana na migomba kwa Kizungu, na pengine ni vizuri apelekwe kwa mchungaji. Mama alikasirika siku nzima. Baba yeye alicheka mpaka akakohoa, kisha leo asubuhi akaniita.

“Koku, kama ni lazima uzungumze peke yako, zungumza ukiwa karibu na mtu. Nenda kakae na Bibi yako mchague kahawa. Watu wakipita waone mko wawili.”

Nikaenda nimenuna. Bibi yangu, mama yake Baba, Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Kiswahili chenyewe anakichungulia tu, akizidiwa anarudi kwenye Runyambo lake. Nikamwamkia, nikaketi kwenye kigoda ng'ambo ya mkeka. Alikuwa na fimbo yake ya kufukuzia kuku. Nikamweleza kwamba nitasema maneno ya shuleni, asinijali, aendelee na kazi yake. Nikachota karatasi. Ilisema: eleza kazi unayoijua vizuri, tangu mwanzo hadi mwisho.

Nikaazima saa ya Baba, nikaiweka juu ya kopo. Nikaanza na kahawa, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nimeishika mkononi. Nikasema sentensi ya kwanza kwa Kiingereza, nikameza mate.

“Eee,” akasema Bibi.

Hakuinua hata kichwa. Alikuwa anatoa mbovu kwa mkono wake wa kushoto. Nikasema sentensi ya pili.

“Eee.”

Nikaendelea. Nikaeleza jinsi tunavyochuma zilizoiva na kuacha mbichi, na jinsi Bibi anavyomgombeza mtu anayekamua tawi zima kwa uvivu. Nikaeleza mikeka, mvua ya ghafla, kila mtu akiacha sahani yake na kukimbia kuikunja. Nikaeleza zile tunazochemsha na majani ya kunukia na kuzikausha, akamwani, ambazo mgeni lazima apewe atafune kabla hujamuuliza shida yake. Bibi akaitikia kila nilipofika. Pengine “eee” fupi, pengine ndefu ya kuvuta, na niliposimulia mvua ile akasema “Eeeh!” kwa mshangao, wakati hakuna neno hata moja alilolielewa. Au labda mikono yangu ilikuwa inaonyesha, sijui. Nilikuwa nimeshasahau mtihani, nilikuwa nasimulia tu.

Nikatazama saa. Dakika ishirini na sita!

Niliruka, nikapiga teke kopo, vikaratasi vikamwagika kwenye kahawa, kuku wakaona mwanya wakavamia mkeka. Bibi akanitwanga mguuni kwa fimbo iliyokuwa ya kuku. Sikusikia maumivu. Nilimkumbatia bibi wa watu mpaka akalalamika kwamba namvunja.

Tukakusanya kahawa. Hapo ndipo aliponiuliza, kama mtu anayeuliza kitu cha kawaida tu, “Na huko chuoni nani anakuitikia?”

Nikamwambia hakuna. Walimu watatu wanakaa kimya.

Mkono wake ukasimama juu ya mkeka. “Watu wazima watatu. Wanasimuliwa. Hawaitikii?”

“Ndiyo sheria yao, Bibi.”

“Mtoto wa watu anasimulia, wao kimya?”

“Kimya.”

“Basi ulifanya vizuri kunyamaza,” akasema. “Mimi ningeondoka.”

Nilikaa pale na kahawa mkononi, nikaona kila kitu.

Mimi nimelelewa nyumbani kwa Bibi huyu mpaka darasa la saba. Kila jioni, jikoni, matoke yakiwa motoni, kulikuwa na kusimulia. Kwetu anayesimulia huitikiwa. Kila anapotua mzigo wa maneno kidogo, msikilizaji anaitikia, ndipo anaubeba tena. Usipoitikiwa, maana yake wamelala, au umewaudhi, na mtu mwenye adabu hunyamaza. Tulipokuwa wadogo tukisinzia Bibi alikuwa anakatiza hadithi katikati, hata kama mtu alikuwa ndiyo kwanza anaingia mdomoni mwa fisi, na hakuimalizia mpaka kesho yake. Sisi wenyewe tulijifunza hivyo. Anayetaka hadithi aitikie.

Sasa mimi mwezi wa sita nilikuwa nafanya nini mbele ya wale walimu? Nilisema sentensi, nikatua, nikasubiri. Nikasema ya pili, nikatua, nikasubiri. Kwenye ripoti yao waliandika kwamba ninakatikakatika mno na kuwakodolea macho. Niliisoma ile karatasi mara arobaini nikadhani wanasema sijui Kiingereza. Kumbe nilikuwa nasubiri “eee”, na haikuja. Kila nilipoinyimwa niliona nimewachosha, kwa hiyo nikawahurumia nikanyamaza.

Migomba nayo haiitikii! Nilicheka peke yangu mpaka Bibi akanikagua macho.

Mchana tulipokuwa tunakula niliwaeleza wote. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikatoa na ile nyingine. Nikasema haikuwa malaria. Mama alishusha tonge. Akasema, “Kwa hiyo wale akina mama wameombea homa ya nani?” Baba akaangua kicheko, na Mama naye akashindwa kujizuia, lakini ameniambia kesho baada ya ibada nitakwenda mwenyewe kuwaambia. Nitakwenda. Naogopa zaidi wale akina mama kuliko wale walimu.

Baba akasema, basi kama ugonjwa ni kimya, dawa ni kuzoea kimya. Akatoka na benchi. Akavaa koti lake la kanisani juu ya kaptula, akashika daftari na kalamu ya mkaa, akaketi katikati. Mama kulia, Bibi kushoto. Amri ilikuwa moja tu, kwamba asijibu mtu, asitikise mtu kichwa, na nyuso ziwe za mawe.

Nikachota karatasi. Sentensi ya kwanza.

“Eee,” akasema Bibi.

“Mama!” Baba akamkemea mama yake.

“Imenitoka.”

Tukaanza upya. Ikamtoka tena. Mara ya tatu Mama akamletea kiganja kizima cha akamwani ajaze mdomo, na bado koo lake lilikuwa linaguna kila nilipotua. Mwishowe akajifunika khanga uso mzima, tukawa na msahihishaji mmoja aliyefunikwa kama mwali.

Hapo nikaonja kimya chenyewe. Ni kizito, jamani. Baba yangu mwenyewe, Mama yangu mwenyewe, nao wananitazama kama hawanijui. Dakika ya nne kifua kikabana, nikasimama. Bibi akafunua khanga, na macho yake yalikuwa yamelowa.

“Mimi hii kazi siiwezi,” akasema. “Mtoto ananiita niache kumwitikia?” Akaondoka kwenye benchi, akarudi kwenye mikeka yake.

Nikamfuata. Nilidhani amekasirika. Nikachuchumaa pembeni yake tukachagua kahawa kidogo.

Kisha akaniuliza huo mtihani ni lini. Nikamwambia Jumatatu, saa nne asubuhi, mwezi ujao. Akauliza saa nne jua linakuwa wapi. Nikamwonyesha, juu kidogo ya ule mgomba mrefu wa kona.

“Nitakaa hapa,” akasema. “Siku hiyo siendi shamba, siendi kanisani, hata Rugu kwa mwanangu siendi. Jua likifika pale naanza kukuitikia. Wewe sema, tua, vuta pumzi. Mimi nitakuwa nimeshaitikia huku. Usiwatazame wale wasiolelewa. Endelea.”

Nikacheka. Nikamuuliza, “Bibi, mimi nitakuwa Dar es Salaam. Utajuaje nimefika mwisho wa sentensi?”

Akanitazama kwa kunishangaa kabisa.

“Kwani leo nilijuaje?”

Nikainuka, nikamwachia kahawa yake.

Nikarudi mbele ya benchi na ile ile mada ya kahawa. Baba akavaa tena sura yake ya jiwe. Safari hii nilipotua sikumtazama Baba, nilivuta pumzi moja ya kiasi cha “eee”, nikabeba mzigo, nikaendelea. Sentensi moja, pumzi moja. Nilifika dakika kumi na moja. Si kumi na tano, najua. Katikati nilipotea mahali fulani kwenye mvua na mikeka, nikarudi mwenyewe bila kuokotwa na mtu. Baba akaandika daftarini, akasimama, akatangaza kwa sauti ya mwalimu mkuu kwamba mtahiniwa ameonyesha maendeleo ila miguu yake ina vumbi.

Kumi na moja! Jana nilikuwa na tatu!

Nina siku tisa kabla ya kupanda basi la kurudi chuoni. Kila siku benchi, Baba ameahidi, na Mama amesema atazoea kununa. Nimetupa vile vikaratasi vya mada za reli na viwanda nilivyonakili vitabuni, nimeandika vipya vya mambo ninayoyajua. Ikinijia ya reli siku hiyo nitaisimulia reli kama niliyoipanda, na shida zake zote.

Ninachojiuliza ni kimoja. Nikifaulu, nikasimama darasani na wanafunzi arobaini wamenikodolea macho kimya, nitawafundisha Kiingereza kwanza au nitawafundisha kuitikia? Nadhani nitaanza na kuitikia.

Jua linashuka, kahawa inakunjwa. Nimeketi hapa dirishani naandika haraka kabla Mama hajaniita nisaidie. Baba amekwenda kuvua koti. Bibi bado yuko uani, ameketi peke yake kwenye kigoda chake, hakuna mtu anayezungumza naye. Ametazama ule mgomba wa kona.

“Eee,” anasema. Ananyamaza kidogo, kama sentensi moja hivi. “Eee.”

Anafanya mazoezi.